Valvu ya baipasi kwenye gari lenye kompresa: inavyofanya kazi na namna ya kuipima kabla hujanunua kompresa nyingine

Kama unaendesha Mercedes iliyoandikwa Kompressor nyuma, au Mini Cooper S ya kati ya 2002 na 2006, ipo siku gari litaanza kukosa nguvu au kulia mluzi, na utaambiwa kompresa imekufa, tafuta nyingine. Hiyo ni hela nyingi. Kabla hujaitoa, kuna kifaa kidogo pembeni ya kompresa kinachostahili kupimwa kwanza: valvu ya baipasi. Kuipima kunachukua nusu saa, na vifaa vyake karibu vyote unavyo nyumbani.

Kompresa ninayoisema hapa si ile ya AC. Ni ile inayoitwa pia supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ingeweza kuvuta yenyewe. Turbo nayo inasukuma hewa, ila inazungushwa na moshi wa ekzozi. Kompresa inazungushwa na mkanda, na hapo ndipo habari ya baipasi inapoanzia: mkanda haupumziki. Kwenye magari mengi, injini ikizunguka, kompresa inazunguka, unataka nguvu hutaki.

Kwanza elewa kwa nini valvu hii ipo

Chukua Mini Cooper S ya aina ya R53. Injini yake ni lita 1.6, na kwa kuwa ni ya mipigo minne, kila krenki (mhimili mkuu wa injini) ikizunguka mara moja inameza nusu ya ujazo huo, yaani lita 0.8 za hewa. Kompresa yake ni Eaton M45. Hiyo 45 ni inchi za ujazo inazosukuma kwa mzunguko mmoja, sawa na lita 0.74 hivi. Puli zimepangwa kompresa izunguke mara mbili na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa krenki. Piga hesabu: kompresa inaleta kama lita 1.5, injini ina nafasi ya lita 0.8. Hewa inayozidi inajibana kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), na ndiyo presha unayoisikia mgongoni unapokanyaga mafuta hadi chini. Hii ni hesabu ya karatasi, maana rota (vipande vinavyozunguka ndani ya kompresa) huvuja kidogo na hewa inapata joto, lakini haiko mbali na presha ya bar 0.8 hivi ambayo injini hiyo inaifikia.

Sasa toa mguu kwenye mafuta. Uko kwenye foleni, au unatembea kilomita 60 kwa saa kwenye tambarare. Kwenye magari mengi yenye Eaton hewa inapita hivi: eakilina, throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), kompresa, intakula (kipoza hewa), manifodi, silinda. Throto iko kabla ya kompresa. Ukiachia mafuta, mlango wa throto unakaribia kufunga, lakini kompresa iliyo nyuma yake bado inazunguka na kufyonza kwa nguvu ile ile. Inavuta hewa kwenye mlango uliofungwa na kuisukuma upande wa pili. Kazi hiyo haina faida yoyote kwako. Inakula mafuta, inapasha hewa joto, inachosha mkanda na bearing, na inapiga kelele.

Dawa yake ni njia ya pembeni. Kuna tundu linalounganisha upande wa presha wa kompresa na upande wake wa kuvutia, na katikati ya tundu hilo kuna kipepeo kinachofunguka na kufunga. Kipepeo kikiwa wazi, hewa inayotoka kompresa inazunguka na kurudi ilikotoka. Presha ya pande mbili inalingana, rota zinazunguka bila mzigo wa maana, na injini inavuta hewa yake kama gari la kawaida. Kipepeo kikifunga, hewa haina pa kurudi, inabanwa, na nguvu inakuja.

Nani anafungua na kufunga?

Sehemu hii ndiyo inayopotosha watu wengi, na ukiielewa vizuri utajua ugonjwa wa gari lako hata kabla ya kufungua boneti.

Kwenye valvu za aina ya zamani hakuna kompyuta wala umeme. Kuna springi inayovuta kipepeo kifunge. Kuna kopo dogo lenye kiwambo cha mpira ndani, na kipaipu chembamba kinacholiunganisha na upande wa injini unaofyonza. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) au ikitembea taratibu, silinda zinafyonza hewa kuliko throto inavyoziruhusu, kwa hiyo ndani ya manifodi kunakuwa na mvuto, ule mafundi wanaouita vakyumu. Mvuto huo unavuta kiwambo, kiwambo kinavuta mkono, mkono unafungua kipepeo. Ukikanyaga mafuta hadi chini, mvuto unatoweka, springi inashinda, kipepeo kinafunga.

Kwa maneno mengine, valvu hii ikiwa haina kitu inafunga. Mvuto wa injini ndio unaoifungua. Iandike mkononi ukihitaji, kwa sababu kila kipimo cha hapa chini kinategemea jambo hilo moja.

Kwenye Mercedes zenye injini ya M271 ya lita 1.8, ile iliyoanza 2002 na kuingia kwenye C180 na C200 Kompressor nyingi zilizoko kwetu, kipepeo kinazungushwa na mota ndogo ya umeme, na kompyuta ya injini ndiyo inayoamua kifungue kiasi gani. Kazi ni ile ile, anayetoa amri ndiye tofauti. Angalizo kwa wanaonunua: C180 na C200 za kuanzia 2009 zilizoandikwa CGI zina turbo, si kompresa. Mwongozo huu hauzihusu.

Hatua ya 1: sikiliza dalili, uzipange

Usianze na spana. Anza na swali moja: gari linakosa nguvu unapokanyaga sana, au linasumbua ukiwa taratibu?

Likikosa nguvu unapokanyaga hadi chini, na ule mluzi wa kompresa haupandi, shuku kwamba kipepeo kimebaki wazi. Hewa yote inarudi nyuma. Gari linakwenda, haliwaki ovyo, wakati mwingine hata taa ya cheki injini haiwaki, ila limekuwa zito kama gari lisilo na kompresa kabisa.

Likisumbua ukiwa taratibu, mambo ni kinyume. Mluzi unasikika hata gari limesimama, mafuta yanakwenda, ukiachia pedeli kidogo gari linashtuka. Hapo shuku kipepeo kimebaki kimefunga. Na kwa kuwa valvu isiyopata mvuto inafunga yenyewe, kipaipu kilichopasuka au kuchomoka kinatoa dalili hizi hizi. Kipaipu kikipasuka, kingine kinachoweza kutokea ni sailensa kupanda na kushuka, kwa sababu hewa inaingia pasipotakiwa.

Kuna dalili ya tatu, ambayo wenye Mini R53 wanaijua sana: unashikilia mafuta kidogo, mwendo wa wastani, na gari linavuta na kuachia, linavuta na kuachia, kama mtu anayejifunza kuachia klachi. Kipepeo kiko katikati, mvuto na springi vinagombana, na springi iliyolegea au ekseli (mhimili wa kipepeo) iliyokwama kidogo inakifanya kifunge kwa kishindo badala ya kufunga polepole.

Hatua ya 2: iangalie ikifanya kazi

Paki sehemu tambarare, vuta handibreki, gia iwe P au fri. Kunja mikono ya shati, vua saa na lanyadi ya shingoni. Mkanda wa kompresa hauna huruma na kidole.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, itafute valvu. Fuata bomba au tundu linalounganisha mdomo wa kompresa na upande wa presha. Utaona kopo dogo la duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya asali, lenye mkono mwembamba wa chuma unaoshika kwenye ekseli ya kipepeo. Kwenye Mini kumebanana, huenda ukalazimika kutoa boksi la eakilina ndipo uone vizuri.

Angalia mkono ulipo. Ukitaka, weka alama kwa korekta nyeupe kwenye mkono na kwenye bodi, zikutane. Hiyo ndiyo nafasi ya kufunga.

Mwambie mtu awashe injini huku wewe umeangalia mkono tu. Injini ikishika, mkono unatakiwa uruke mara moja, alama zako ziachane. Kipepeo kimefunguka. Kisha mwambie akanyage mafuta kwa ghafla na kuachia. Mkono unatakiwa urudi kwa kasi kuelekea kufunga, halafu uende tena wazi mafuta yakiachiwa.

Mkono usipotingishika kabisa injini inapowaka, ama mvuto haufiki, ama kiwambo kimetoboka, ama ekseli imekwama. Hatua mbili zinazofuata zinatenganisha hayo matatu.

Hatua ya 3: kipaipu

Zima injini. Chomoa kipaipu kwenye kopo na ukipinde katikati ya vidole, hasa ncha zake mbili. Mpira uliokaa miaka 15 juu ya injini unakuwa mgumu kama plastiki, unapasuka nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka uupinde.

Nililetewa gari moja ambalo mwenyewe alishakubali kununua kompresa ya mtumba. Lilikuwa linalia mluzi likiwa limesimama, na alikuwa ameambiwa ni bearing. Nilipowasha nikaona mkono wa valvu umetulia, haushtuki. Nikashika kipaipu, ncha yake ilikatika mkononi kama biskuti. Nilikata sentimita mbili zilizooza, nikakirudisha kwa muda, nikawasha, mkono ukaruka, na mluzi ukafa pale pale. Mwenye gari alinyamaza muda mrefu. Bearing zilikuwa nzima. Kompresa ilikuwa inafanya kazi nzito saa zote kwa sababu hakuna aliyekuwa anaifungulia njia.

Ukinunua kipaipu kipya, ulizia cha vakyumu chenye kuta nene. Kipaipu cha mafuta au kile cha plastiki laini kinabonyea ndani kikivutwa, na joto la injini likikipata kinalainika kabisa. Utarudi ulikotoka ndani ya wiki.

Hatua ya 4: kopo na kiwambo

Kipaipu kikiwa kizima, pima kopo lenyewe. Gereji iliyokamilika ina pampu ya mkono ya vakyumu yenye saa ya kupimia. Kama huna, bomba la sindano kubwa la mililita 60, lisilo na sindano, linatosha. Liunganishe kwenye nipo ya kopo (kile kimdomo cha kuchomekea kipaipu) kwa kipande cha mpira, kisha vuta.

Mkono unatakiwa uanze kusogea taratibu na ufike mwisho. Shikilia hapo, hesabu mpaka 60. Mkono ukirudi wenyewe polepole wakati hujaachia, kiwambo kinavuja. Ukisogea kwa kushtuka-shtuka, ekseli ina uchafu. Mkono usiposogea kabisa na bomba linajaa hewa tu, kiwambo kimetoboka na kopo halitengenezeki. Usinyonye kwa mdomo. Ndani mna mvuke wa oili na petroli.

Makopo mengine yana nipo mbili, moja kila upande wa kiwambo. Kwenye hayo andika kipaipu kipi kimetoka wapi kabla hujachomoa. Ukivibadilisha, valvu haitafanya kazi inavyotakiwa.

Hatua ya 5: itoe, isafishe

Kopo likiwa zima na bado kipepeo hakiendi, ni uchafu. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unaingia kwenye njia ya hewa, unaganda kwenye ekseli ya kipepeo na kwenye kingo zake. Ifungue valvu, iweke juu ya kitambaa cheupe. Zungusha kipepeo kwa kidole uache: kinatakiwa kirudi kwa kishindo kidogo, kila mara, bila kusita popote.

Safisha kwa dawa ya kusafishia throto na mswaki wa zamani. Nyunyizia kwenye kitambaa na mswaki, si moja kwa moja kwenye kopo, kwa sababu dawa ile inaua mpira wa kiwambo. Usipake grisi wala oili kwenye ekseli. Vumbi letu litaishika, na baada ya miezi michache utakuwa na gundi.

Inyanyue uitazame kuelekea kwenye mwanga. Kipepeo kikiwa kimefunga, mwanga mwembamba sana pembeni si tatizo. Mwanga mpana, au kipepeo kinachocheza kushoto na kulia kwenye ekseli, maana yake imelika na hewa ya presha itapita.

Utaona parafujo ndogo ya kuzuia kipepeo, mara nyingi imepakwa rangi kiwandani. Usiiguse. Nimeona watu wanaikaza "ili ifunge vizuri", kipepeo kinang'ang'ania ukutani na hakifunguki tena.

Rudisha na gasketi mpya. Gasketi ya zamani ukiiongezea silikoni nyingi, kipande kinaweza kukatika na kuingia kwenye rota zinazozunguka zikipishana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa kucha.

Kwa wenye Mercedes ya umeme

Hapa bomba la sindano halisaidii. Unahitaji mashine ya kupimia inayoielewa Mercedes, siyo ile ya kusoma kodi za makosa tu. Iambie iamuru kipepeo kifunguke na kufunga huku unaangalia namba ya nafasi yake ikibadilika. Namba isipofuata amri, angalia plagi ya waya kabla ya mota. Kwenye M271 oili huvuja kwenye sumaku za kamshafti na kutambaa ndani ya waya kutoka plagi moja hadi nyingine. Ukichomoa plagi ukakuta imelowa oili, umepata pa kuanzia.

Injini hiyo pia ina mipira ya kupumulia krenki inayopasuka chini ya manifodi, na dalili zake zinafanana sana na za kompresa. Ikague siku hiyo hiyo. Na ukibadilisha mota ya kipepeo, mashine lazima iifundishe upya kompyuta mwisho wa kufungua na mwisho wa kufunga, vinginevyo kipya kitaonekana kibovu.

Usikubali kuiziba wala kuiacha wazi

Kuna wanaoziba baipasi wakidhani wataongeza nguvu. Ukikanyaga hadi chini valvu imeshafunga yenyewe, kwa hiyo hupati hata chembe ya ziada. Unachopata ni kompresa inayobanwa muda wote wa foleni, hewa ya moto, mkanda unaokwisha mapema, na bili ya mafuta. Kwenye R53 ni mbaya zaidi, kwa kuwa pampu ya maji inazungushwa na gia za kompresa hiyo hiyo: ukiiua kompresa, injini inapoteza mzunguko wa maji ya kupoza pia.

Wengine wanataka hewa itoke nje ili gari lipige "pssh" kama la turbo. Mlio ule unatoka kwenye magari ambayo throto iko baada ya kompresa, ambapo hewa iliyobanwa inagonga mlango uliofungwa na lazima ipate pa kutokea. Gari lako likiwa na throto kabla ya kompresa, ukiacha tundu hilo wazi litavuta hewa isiyopita kwenye eakilina, pamoja na vumbi lote la barabara, moja kwa moja kwenye rota.

Hatua ya mwisho: barabarani

Funga kila kitu, washa, hakikisha mkono unaruka. Acha injini ishike joto, halafu tafuta kipande cha barabara kisicho na watu. Gia ya tatu, mwendo mdogo, kanyaga hadi chini. Mluzi uanze chini na upande pamoja na mzunguko wa injini, na nguvu ifuate bila kukatika. Achia: mluzi ufe mara moja.

Kama una saa ya presha, fahamu ulipo. Kompresa inazidisha hewa iliyopo, haiiumbi. Gari linaloonyesha bar 0.8 Dar es Salaam au Mombasa, likipandishwa Nairobi, kimo cha kama mita 1,700, litaonyesha karibu na bar 0.65, na mvuto wake likiwa sailensa utapungua vilevile. Ukipima Nairobi kwa namba za kitabu cha Ujerumani utaifungua valvu nzima bure. Linganisha na gari jingine la aina yako lililoko mji huo huo, au pima lako leo likiwa zima na uiandike namba ndani ya kifuniko cha kitabu cha gari, pamoja na jina la mji.